Mwalimu, hiyo Jumatatu ya kileleni iondoe

Swali: Shikamoo Mwalimu. Huu ni mwaka wangu wa kwanza katika shule ya bweni iliyoko mlimani, na nimekabidhiwa wiki nzima ya shughuli za nje. Wanafunzi ni 48, wa miaka 13 hadi 15. Walimu ni mimi na wenzangu wanne. Rasimu yangu ni hii: Jumatatu kupanda kilele kilicho juu ya shule, Jumanne mbio za vilima, Jumatano kukwea mwamba kwa kamba, Alhamisi na Ijumaa kambi ya usiku mmoja ng'ambo ya bonde, Jumamosi kuvuka mto na michezo ya maji. Shule iko mita 1,900, kilele kiko mita 2,800, na njia ni kilomita 6 kwenda. Nina pia zamu ya bweni Jumatatu na Jumatano usiku. Aliyenitangulia kwenye kazi hii alisema kila mwaka ilipofika Alhamisi alikuwa kama mgonjwa. Nifanyeje wiki isinishinde, na watoto warudi salama?

Marahaba, mwalimu.

Rasimu yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilitazama shughuli, nikaona zote ni nzuri. Mara ya pili nilitazama usiku, na hapo ndipo nilipokuna kichwa. Umepanga michana sita bila kujiuliza nani atalala saa ngapi. Aliyekutangulia alikwambia ukweli wote kwa sentensi moja, ila wewe umeuchukua kama masimulizi tu. Kuchoka kwake kila Alhamisi hakukutokana na udhaifu. Ratiba ndiyo iliyomchosha, na sasa unataka kuirithi.

Uchovu wa milimani ni kama deni la dukani. Siku unayokopa huoni kitu, tena unajiona tajiri. Unakopa Jumatatu kwa kupanda mita 900, unakopa usiku uleule kwa zamu, unakopa Jumanne kwa mbio, na mwenye duka anakuja Alhamisi mchana mkiwa mnateremka na mahema mgongoni, mtoto wa nyuma kabisa hajaonekana kwa dakika kumi na wewe hujagundua. Kwa hiyo jibu langu lote linaanzia hapo: panga wiki kwa kufuata uchovu, kisha ndipo shughuli zitafute nafasi.

Anza na zamu. Mwalimu wa zamu ya bweni hasinzii kabla ya saa 5 usiku. Kuna anayelilia kwao, kuna aliyetapika, kuna waliojificha na tochi chini ya blanketi. Saa 11 alfajiri uko macho tena. Mwaka 1997 watafiti Dawson na Reid walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi za umakini kama mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi haziruhusu mtu ashike usukani. Wewe ukiamka saa 11 alfajiri, saa 17 zinatimia saa 4 usiku, zamu yako ikiwa bado haijaisha. Asubuhi yake unataka kuongoza watoto mwambani. Nenda kwa mkuu wa shule na ombi la maandishi: walimu wote watano wa shughuli za nje waondolewe zamu za bweni wiki hiyo, nanyi mtazilipa wiki inayofuata. Wenzako watanung'unika kidogo, kisha watakubali, maana nao wana wiki zao za kusaidiwa. Na tafadhali, Ijumaa inayotangulia usitoe zoezi la insha. Nimewahi kusahihisha daftari hemani kwa mwanga wa tochi. Maksi nilizotoa usiku ule sizitetei.

Sasa hao 48. Kuwapeleka wote mahali pamoja siku moja ndiko kunakokumaliza. Wagawe makundi mawili ya 24. Kundi moja likipanda na walimu watatu, la pili linabaki kuzunguka shule na walimu wawili kwa ramani na dira. Kesho yake mnabadilishana. Kwa njia hii kilele kinachukua siku mbili, lakini walimu wanne kati ya watano wana uhakika wa siku moja nyepesi katikati ya wiki, na mlimani unakuwa na mtu mzima mmoja kwa watoto wanane badala ya mmoja kwa kumi. Wewe panda siku moja tu. Najua utatamani kupanda zote mbili kwa sababu jukumu ni lako. Usifanye hivyo.

Kugawa huko kuna mtego, nao ni kuwaweka wenye nguvu upande huu na wazito upande ule. Novemba 1971, kwenye nyanda za juu za Cairngorm huko Scotland, msafara wa wanafunzi uligawanywa hivyo. Wenye nguvu walitangulia na kiongozi mwenye uzoefu zaidi, wa polepole wakafuata na viongozi vijana. Dhoruba ya theluji iliwakuta wote. Kundi la mbele lilifika kwenye kibanda cha kujihifadhi. La nyuma halikufika, likalala nje kwenye theluji siku mbili, na wakafa wanafunzi watano pamoja na kiongozi mmoja aliyekuwa bado anajifunza kazi. Theluji pengine kwako haipo, lakini ukungu, mvua na upepo vipo, na kosa la kumpa mgeni kundi dhaifu linaweza kufanywa kwenye mlima wowote. Changanya watoto. Wazito wakae katikati ya mstari, wala si mkiani, na mwalimu mzoefu kuliko wote awe wa mwisho.

Kuhusu kuhesabu nitakaa kidogo, maana ndipo nilipoumbuka mimi mwenyewe. Nilikuwa na watoto 31. Kijitoni nikahesabu vichwa: 31. Getini nikahesabu tena: 31. Nikawaruhusu bwaloni kwa moyo mweupe. Watu wakala, wakamaliza, sahani moja ikabaki mezani imefunikwa. Kumbe binti mmoja wa kundi la jirani alihamia kwangu njiani ili atembee na rafiki yake, na msichana wangu mmoja alikuwa ameachwa nyuma akifunga kamba ya kiatu. Hesabu ilitimia, mtoto hakutimia. Tulimkuta mwendo wa dakika 20 kutoka getini, amekaa juu ya begi lake kando ya njia, filimbi mdomoni, akipuliza na kupumzika, akipuliza na kupumzika. Alifanya kila kitu sawasawa kuliko mimi. Tangu siku ile sihesabu vichwa. Kila mtoto ana mwenzake mmoja, na swali langu ni hili: “Mwenzako yuko wapi?” Baada ya hapo naita majina kwa karatasi, sauti inaitika, naweka alama. Zoezi hili linachukua dakika tatu kwa watoto 24. Lifanye kila mnaposimama, na lifanye kabla hamjaanza kuteremka.

Hiyo filimbi nayo kila mtoto awe nayo shingoni. Ishara ya hatari inayotambulika milimani ni milio sita ndani ya dakika moja, kisha kimya cha dakika moja, kisha sita tena. Anayejibu hupuliza mitatu. Wafundishe Jumatatu uwanjani, wapige kelele mpaka wachoke nazo, halafu marufuku kuipuliza kwa mchezo.

Ndiyo, Jumatatu ni ya uwanjani. Kilele hakipandwi siku ambayo hujui miguu ya mtu yeyote. Vaa nao viatu watakavyopandia, beba mabegi yaliyojaa kama ya safari, zungukeni eneo la shule dakika 40 tu. Kisha waketi, wavue soksi. Utaona kisigino chekundu hapa, kidole kimekunjwa pale, na yule mwenye viatu vipya alivyonunuliwa kwa ajili ya wiki hii ndiye atakayekuwa na hali mbaya kuliko wote. Penye wekundu bandika plasta pana palepale, kabla lengelenge halijajaa maji. Mwambie mwenye viatu vipya avae raba zake za zamani. Siku hiyohiyo pitia dawa na matroni: pampu ya pumu inakaa mfukoni mwa mtoto mwenyewe, na ya akiba kwenye begi la mwalimu. Ikibaki kwenye kabati la bweni haina kazi.

Jumatatu pia uwaangalie waliotoka likizo maeneo ya chini. Urefu wa mita 1,900 wengi hauwasumbui, na 2,800 kwa kwenda na kurudi siku moja kwa kawaida si tatizo kwa waliokwisha zoea shule. Lakini ugonjwa wa mwinuko huanza kuonekana zaidi kuanzia kama mita 2,500, na dalili zake hazina fahari yoyote: kichwa kinauma, kichefuchefu, uchovu usio na sababu. Mtoto anayesema kichwa kinamuuma akiwa juu, hapandi hatua nyingine. Hali ikizidi anateremshwa na mtu mzima saa hiyohiyo. Akiyumba kama mlevi anapotembea kisigino kwa kidole kwenye mstari ulionyooka, usijadiliane na mtu. Ubongo unaweza kuwa unavimba, na dawa ya kwanza ni kushuka.

Haya, kilele kiwe Jumanne kwa kundi la kwanza na Jumatano kwa la pili. Kukadiria muda, kuna kanuni aliyoiandika mkwea milima wa Scotland, William Naismith, mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Njia yako: kilomita 6 ni saa 1 na dakika 12, mita 900 ni saa 1 na nusu. Jumla saa 2 na dakika 42. Naismith lakini alikuwa akimfikiria mtu mzima mwenye afya njema asiyesimama kupiga picha. Kwa watoto 24 ongeza nusu yake, utapata karibu saa 4. Kushuka weka saa 3. Mkiondoka saa 12 asubuhi mko juu saa 4, mnakula nusu saa, mnarudi shuleni kabla ya saa 8 mchana. Mkiondoka saa 3 kwa sababu kifungua kinywa kilichelewa, mko juu saa 7, na saa 7 mlimani ni saa mbaya. Jua la asubuhi limepasha miteremko, hewa yenye unyevu imepanda, wingu limeumuka, na radi za alasiri zinajiandaa. Kaa na wapishi Jumatatu mchana mkubaliane, maana wao ndio wanaoshika saa yako ya kuondoka.

Weka pia saa ya kugeuka. Mimi ningesema saa 5 kamili: popote mlipo, hata kama kilele mnakiona, mnageuka. Itangaze kwa watoto jioni ya siku iliyotangulia ili isionekane unaitunga pale. Ubishi utakuwepo. Kuna kijana atakwambia, “Mwalimu, ni pale tu!” Pale tu ni dakika 40.

Mkisikia radi, hesabu sekunde kuanzia mwanga hadi mlio. Kila sekunde 3 ni kilomita moja hivi. Ikiwa ni 30 au pungufu, muwe tayari mmeondoka mgongoni mwa mlima, mbali na miti iliyosimama peke yake, na msirudi wazi mpaka zipite dakika 30 tangu mlio wa mwisho.

Baridi ndiyo inayowadanganya walimu wengi. Joto hupungua kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000, kwa hiyo kileleni kwako ni pungufu kwa karibu nyuzi 6 kuliko shuleni, kabla hujahesabu upepo wala jasho. Mtoto aliyevaa fulana ya pamba iliyolowa hahitaji theluji ili mwili wake upoe kupita kiasi; manyunyu na upepo vinatosha. Nakumbuka kijana mmoja aliyekuwa mchekeshaji wa kundi asubuhi nzima. Tuliposimama baada ya mvua alikaa kando, kimya, akihangaika na zipu ya koti. Vidole vilikuwa vinaigusa zipu, vinateleza, vinaigusa tena. Nikamuuliza kama yuko sawa. Akasema yuko sawa, kwa ulimi mzito kama aliyeamshwa usingizini. Hapo ndipo mwalimu aliyelala vizuri anaona, na mwalimu aliyekesha bwenini anajibu, “Haya, tuendelee.” Tulimweka nyuma ya jiwe upepo usikomfikia, tukamkalisha juu ya begi asiguse ardhi, tukamvua nguo zilizolowa, tukamvika sweta kavu na kofia, tukampa kinywaji cha moto chenye sukari kidogokidogo. Hatukumsugua, wala hatukumwacha peke yake. Baada ya nusu saa alianza kutetemeka kwa nguvu, nami nikafurahi, maana mwili uliokwisha kuishiwa hauna hata nguvu ya kutetemeka. Kwa hiyo sweta kavu ndani ya mfuko wa plastiki unaofungwa, kila begi, hata jua likiwaka. Na jua likiwaka, kofia: mionzi inayounguza ngozi huongezeka kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000.

Mbio za vilima ziondoe kabisa. Zinatafuna miguu mnayoihitaji kesho, na wanaozifurahia ni sita.

Mwamba uahirishe. Piga hesabu nami: kamba mbili, kila mtoto dakika 10 pamoja na kuvaa mkanda na kushuka. Watoto 48 ni saa 4 nzima, na kila wakati kuna wawili juu na 46 wamekaa chini wanapigwa na baridi na kutafuta vituko. Wakati huohuo anayeshika kamba hana ruhusa ya kusinzia hata mara moja katika saa hizo 4. Shughuli hii inataka mtu aliyefuzu kazi hiyo, watoto wasiozidi 8 kwa wakati, na siku yake yenyewe. Iweke kwenye Jumamosi za muhula, kundi dogo kwa kundi dogo.

Mto nao sikupi. Maji yakiongeza mwendo mara mbili, nguvu yake ya kusukuma huongezeka mara nne, na mto wa mlimani hujaa kwa mvua iliyonyesha juu kabisa wakati nyinyi mko chini ya anga la buluu. Siku ya sita, walimu wamechoka, watoto wamechoka: hapo ndipo ulipokuwa umeuweka. Kama mna kijito cha maji ya chini ya goti kando ya shule, Alhamisi asubuhi wapeleke wakageuze mawe watafute wadudu wa majini, wachore, wapime joto la maji. Mwalimu wa sayansi atakushukuru. Alhamisi mchana watu wafue soksi na walale. Ndiyo, walale, andika “kulala” kwenye ratiba kwa herufi zilezile ulizoandikia “kilele”, la sivyo mtu atapachika kikao.

Ijumaa alasiri nendeni kambi, usiku mmoja, lakini si ng'ambo ya bonde. Tafuta mahali ambapo mtoto anayeumwa tumbo saa 8 usiku anaweza kurudishwa bwenini kwa mguu ndani ya saa moja. Kwa watoto wa miaka 13, giza ni lilelile na nyota ni zilezile. Hata hapo usiku ugawane na wenzako: kila mwalimu saa mbili za kukesha, anayefuata anaamshwa kwa kuguswa bega. Maji ya kijito yachemsheni, na kama mko juu ya mita 2,000 yaache yaendelee kuchemka dakika 3, kwa sababu huko maji huchemka kabla hayajafika nyuzi 100. Chakula pia huchukua muda mrefu zaidi kuiva, basi jiko liwashwe mapema, njaa isianze kuleta ugomvi.

Utaulizwa na baadhi ya wenzako kwa nini umepunguza. Watakutajia shule za nje na kozi za milimani zinazosifiwa. Wajibu kwa historia yao wenyewe: Kurt Hahn, Mjerumani aliyeanzisha shule ya Gordonstoun huko Scotland mwaka 1934, ndiye pia aliyekuwa nyuma ya Outward Bound, shule ya mafunzo ya nje iliyoanza Aberdovey, Wales, mwaka 1941, na kozi zake za mwanzo zilichukua karibu mwezi mzima. Wewe una siku sita. Aliyekopi orodha ya mwezi akaibana ndani ya siku sita ndiye aliyeandika rasimu unayoirithi.

Jambo la mwisho ni kikao cha jioni. Dakika 15, mkiwa mmesimama, saa 2 usiku. Kila mwalimu anataja mtoto mmoja anayemtia wasiwasi, na anasema kwa kinywa chake amelala saa ngapi usiku uliopita. Anayetaja chini ya saa 6 kesho yake anabaki na kundi la shuleni. Nawe ukiwemo. Mara ya kwanza wenzako watacheka na kudanganya. Mara ya pili mmoja atasema kweli, nawe mbadilishie zamu palepale mbele ya wote, bila kumuuliza sababu.

Jumamosi mchana mkirudi, mahema yaanikwe siku hiyohiyo. Hema lililokunjwa likiwa bichi huota ukungu, na anayekuja baada yako atakuapiza. Barua ya zamu ipeleke kesho asubuhi, kabla mkuu hajabandika orodha ya mwezi ubaoni.